Mwanafunzi Mpangaji na Daftari la Nyumba

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kufunguliwa, mabasi yatokayo Rumonge kwenda Bujumbura kwa barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika hubeba mizigo ya namna moja: godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba, sufuria mbili, jiko la makaa, ndoo, na sanduku la vitabu. Basi likisimama Gitaza, magodoro huongezeka juu ya paa lake. Wenye mizigo hiyo ni vijana waliofaulu mtihani wa taifa na kupata nafasi katika vyuo vya juu. Nafasi ya kusoma wanayo. Mahali pa kulala hawana.

Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya mambo makubwa ya ulinzi wa taifa. Askari aliye zamu mpakani, au polisi aliye katika doria ya usiku, aweza kuuliza: kodi ya chumba cha mwanafunzi inamhusu nini? Inamhusu mara tatu. Kwanza, yeye mwenyewe ni mzazi, na huenda godoro mojawapo juu ya basi lile ni la mwanawe. Pili, baadhi ya wenye nyumba za kupangisha ni watu waliovaa sare, au waliowahi kuivaa. Tatu, panapotokea wasiwasi mtaani, ni yeye anayegonga mlango wa chumba kile kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo yafaa kulitazama kwa makini jina la kijana anayelala humo: limeandikwa wapi, na ni nani mwenye wajibu wa kuliandika.

Gitaza iko katika tarafa ya Muhuta, yapata kilomita 30 kusini mwa Bujumbura, mahali ambapo milima ya Mirwa hushuka kwa ghafla hadi karibu na maji. Kati ya mlima na ziwa pana ukanda mwembamba tu wa ardhi. Humo imepita barabara kuu namba 3, humo wamejenga wavuvi na wachuuzi, na juu yake wakulima wanalima mihogo na michikichi kwenye miteremko mikali. Mwishoni mwa mwezi wa Machi 2015 mvua kubwa iliporomosha mlima. Nyumba zilifukiwa, barabara ikakatika, na jamaa nyingi zikabaki bila makao, zikahamia katika kambi za muda. Mwaka huo huo Muhuta ikaingizwa katika mkoa mpya wa Rumonge. Wananchi wa sehemu hiyo wamejifunza kwa uchungu kwamba nyumba si kuta na bati pekee. Nyumba ni ardhi iliyo chini yake, mlima ulio nyuma yake, na majirani walio tayari kupiga kelele usiku maji yanaposhuka.

Mzazi wa namna hiyo, aliyejenga upya kwa shida, anapomtuma mwanawe mjini, humtuma na fedha chache na dua nyingi. Kilomita 30 si safari ya mbali. Lakini barabara ile imekatika mara kadhaa kwa maporomoko na kwa kupanda kwa maji ya ziwa, nayo nauli ya kwenda na kurudi kila siku ingeimeza fedha ya chakula. Kijana halazimiki kwa anasa kupanga chumba. Analazimika kwa hesabu.

Je, chuo hakina mabweni? Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964 kikiitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, kina majengo ya kulala wanafunzi, na kwa miaka mingi mwanafunzi wa serikali alihesabu kitanda na sahani ya chakula kuwa sehemu ya masomo yake. Kampasi za Mutanga, Kiriri na Kamenge zimelea vizazi vya wasomi kwa utaratibu huo. Lakini idadi ya wanafunzi imeongezeka kupita idadi ya vitanda. Tena, tangu mwisho wa miaka ya 1990 vilianza kufunguliwa vyuo vikuu vya binafsi, ambavyo kwa kawaida humpa mwanafunzi darasa na mwalimu, na kumwachia mwenyewe shughuli ya kutafuta paa.

Hata kitanda cha bweni si mali ya kudumu. Mwishoni mwa Aprili 2015, nchi ilipokuwa katika machafuko ya kisiasa, Chuo Kikuu kilifungwa pamoja na mabweni yake. Wanafunzi waliokuwa na jamaa mjini walikwenda kwa jamaa. Waliotoka mbali, na ambao hawakumjua mtu, walikosa pa kwenda. Mamia yao walilala nje karibu na ubalozi wa Marekani kwa wiki kadhaa, hadi walipoondolewa mwezi wa Juni. Mwenye kutafakari tukio hilo ataona kwamba kijana asiye na mwenyeji mjini yuko wazi kwa kila upepo. Mwenyeji huyo aweza kuwa mjomba, aweza kuwa mzee wa kutoka kilima kimoja, au aweza kuwa mwenye nyumba mwaminifu.

Upungufu huu hauko Burundi peke yake. Nchini Tanzania, mwezi wa Aprili 2017, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mabweni mapya yenye nafasi za wanafunzi 3,840, yaliyogharimu shilingi bilioni 10 za nchi hiyo. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo wanafunzi wengi waliendelea kupanga katika mitaa kama Changanyikeni na Sinza, kwa kuwa vyuo hukua upesi kuliko matofali. Basi serikali yoyote ijengayo mabweni yastahili sifa, lakini mtaa wenye wanafunzi wapangaji utakuwapo kwa miaka mingi ijayo, na lazima ujue kuishi nao.

Utafutaji wa chumba chenyewe una njia zake. Katika Bujumbura, kijana mgeni huanza kwa komisioneri, yaani dalali, ambaye kazi yake ni kujua mlango upi umefunguka na mpangaji yupi anahama. Wako makomisioneri waaminifu waishio kwa jasho lao. Wako pia wengine ambao humtoza kijana ada ya kutazama chumba, wakampeleka penye chumba kilichokwisha kupangishwa, wakamtoza tena kesho. Mbaya kuliko hao ni yule anayepokea malipo ya miezi kadhaa kwa chumba kisicho chake, kisha akatoweka. Kijana anapofika na godoro lake, anamkuta mtu mwingine ndani, mwenye funguo na haki.

Chumba kinachopatikana mara nyingi ni chumba cha uani, nyuma ya nyumba kubwa. Mwenye nyumba hudai dhamana pamoja na kodi ya miezi miwili au mitatu ya mbele. Fedha hizo hutolewa kwa mkupuo mmoja, wakati ambapo mzazi wa Gitaza bado ana deni la karo. Kwa hiyo vijana huungana watatu au wanne katika chumba cha mtu mmoja, wakagawana kodi, wakapika maharage kwa zamu, na mmoja akasoma huku mwenzake amelala. Baada ya kodi huja ugomvi wa maji na umeme. Mita ni moja, wapangaji ni wengi, na kila mwisho wa mwezi huulizwa ni nani aliyeacha taa ikiwaka usiku kucha. Mwanafunzi, ambaye taa ndiyo jembe lake, huwa wa kwanza kushukiwa.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwanafunzi na mzazi wake hawana budi kuingia ndani, na kutazama hata nje ya kuta. Katika usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko yalishuka katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, Kamenge ikiwa miongoni mwake, wakafa watu wasiopungua 60. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba, maelfu wakahama. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba zilizojengwa karibu na fukwe. Chumba cha bei nafuu kando ya korongo la Ntahangwa, au hatua chache kutoka ziwani, huonekana kizuri mwezi wa Agosti, vumbi linapotimka. Yafaa aulizwe jirani wa siku nyingi: mwezi wa Aprili maji hufika wapi? Mtoto wa Gitaza hahitaji kufundishwa maana ya swali hilo.

Chumba kikiisha kukubaliwa, ifuatayo ni karatasi. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mwenye nyumba husema, «Mwanangu, sisi ni watu wa kuaminiana.» Kijana huona haya kumwomba mtu mzima risiti. Mwaka ukifika katikati, mwenye nyumba apata mpangaji wa kutoa zaidi, na kijana anaambiwa aondoke kesho. Adai nini, na kwa ushahidi gani? Mali bila daftari hupotea bila habari, na kodi ni mali.

Sheria yenyewe si ya jana. Kanuni za mikataba zilizoandikwa mwaka 1888, katika Kongo ya Mfalme Leopold, zilienezwa baadaye hadi Ruanda-Urundi, na Burundi ikazirithi. Katika sehemu ya upangaji, msingi wake unafahamika na kila mwenye akili timamu. Mwenye nyumba amkabidhi mpangaji chumba kinachofaa kwa matumizi yaliyokusudiwa, na amwache akae kwa amani kwa muda waliopatana. Mpangaji naye akitunze kama kitu chake, na alipe kodi kwa wakati wake. Hakuna upande ulio mtumwa wa mwingine.

Karatasi yenyewe haihitaji kurasa kumi. Yatosha kuandika jina la mwenye nyumba na jina la kila mpangaji, mahali nyumba ilipo, kiasi cha kodi, miezi iliyolipwa, dhamana na masharti ya kuirudisha, namna ya kugawana maji na umeme, na muda wa taarifa kabla ya kuhama au kuhamishwa. Mashahidi wawili watie sahihi. Kila malipo yafuatwe na risiti, hata ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi katika kipande cha daftari la shule. Ugomvi ukizuka, wazee wa mtaa watakuwa na kitu cha kusoma. Kilimani, bashingantahe huamua mambo kwa kuwasikiliza watu wanaojuana tangu utoto. Mjini, ambako hawajuani, karatasi husema badala ya jirani wa zamani.

Karatasi ya pili ni ile iwahusuyo zaidi wasikilizaji wa jeshi na polisi. Nayo ni daftari la nyumba.

Desturi ya kuwajua watu kwa kila nyumba kumi ina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, chama cha TANU kilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, na balozi wa shina akawa mtu wa kwanza kuulizwa juu ya mgeni. Nchini Kenya, serikali iliitangaza upya nyumba kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate mjini Nairobi. Burundi nayo imelichukua neno lenyewe kama lilivyo, na nyumbakumi ni cheo kinachofahamika na kila mtoto wa mtaani. Katika miaka iliyofuata machafuko ya 2015, wakuu wa mitaa ya Bujumbura walisisitiza kwamba kila nyumba iwe na daftari lenye majina ya wote wanaolala humo, wenyeji na wapangaji na wageni. Polisi walipofanya msako wa alfajiri, waliomba daftari hilo, wakalinganisha majina na nyuso.

Madhumuni ya daftari hayapingiki. Mwaka 2015 jiji liliona damu, na Nyakabiga, mtaa unaopakana na kampasi ya Mutanga na wenye wanafunzi wapangaji wengi, ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia sana. Serikali isiyojua nani analala wapi haiwezi kumlinda anayelala. Lakini chombo chochote cha usalama hupimwa kwa jinsi kinavyomtenganisha mwenye hatia na asiye na hatia, na hapo ndipo mwanafunzi mpangaji anapopatwa na balaa.

Tuseme vijana wanne wamepanga chumba kimoja. Mwenye nyumba ameandika jina moja tu katika daftari. Huenda alifanya uvivu. Huenda hakutaka ijulikane ana wapangaji wangapi, kwa sababu mapato ya kodi ya nyumba nayo hutozwa ushuru. Huenda alimwambia kijana apeleke majina mwenyewe kwa mkuu wa mtaa, na mkuu wa mtaa akamwambia arudi na mwenye nyumba. Alfajiri mlango unagongwa. Jina moja limo, majina matatu hayamo. Vijana watatu wanapandishwa gari. Mmoja ana mtihani saa mbili asubuhi. Mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyeacha kuandika, anasimama mlangoni na kanga mabegani akiwatazama wakiondoka.

Katika mfano huo kosa ni la nani? Daftari ni la nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Mpangaji hashiki daftari, hana kalamu yake, wala hana uwezo wa kumlazimisha mwenye mali. Kumwadhibu kijana kwa uzembe wa mwenye nyumba ni sawa na kumkamata abiria kwa sababu dereva hana leseni. Polisi mwenye busara atafanya mambo matatu kabla ya kumpandisha mtu gari. Ataomba kitambulisho na kadi ya mwanafunzi. Atamwita mwenye nyumba na kumwuliza mbele ya kijana: unamfahamu huyu, na alianza kukaa hapa lini? Kisha atamwuliza nyumbakumi. Maswali hayo hayazidi dakika kumi. Yakijibika, jina liandikwe hapo hapo, na mwenye nyumba ndiye aonywe au atozwe faini ikiwa kanuni zinaruhusu. Yasipojibika, basi polisi ana sababu ya kuendelea, na hakuna atakayemlaumu.

Katiba ya Burundi ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2018 iliyoifuata, zote zinayalinda makao ya mtu, na kusema kwamba upekuzi hufanywa kwa namna na masharti yaliyowekwa na sheria. Katiba haikutofautisha jumba la tajiri na chumba cha uani. Kanuni ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya mwaka 2018 ilipanua uwezo wa kupekua hata usiku kwa makosa mazito yaliyotajwa ndani yake. Askari aliyefunzwa vizuri anajua kwamba silaha ikiongezwa nguvu, mkono uishikao lazima utulie zaidi. Mwanafunzi aliyetendewa haki alfajiri moja atakuwa jicho la polisi mtaani kwa miaka minne ya masomo yake. Aliyeburutwa bila kusikilizwa atafunga mdomo hata siku atakapoona bomu likifichwa uchochoroni.

Kuna jambo lingine lisilotajwa sana kwa sauti. Msichana anayepanga peke yake, au na wenzake, hukabiliwa na hatari ambazo kaka yake hazijui. Yuko mwenye nyumba anayesamehe kodi kwa sharti la aibu. Yuko komisioneri anayetaka kuonyesha chumba usiku. Kiko choo kilicho mwisho wa ua, bila taa wala komeo. Sheria ya tarehe 22 Septemba 2016 dhidi ya ukatili wa kijinsia ilitungwa kwa ajili ya watu kama hao. Lakini sheria hiyo huanza kufanya kazi pale tu ambapo polisi aliye mezani hamwulizi msichana kwa nini alihama kwao. Amehama kwao kwa sababu taifa linahitaji wauguzi, walimu na mahakimu. Malalamiko yake yaandikwe kwa heshima, kama ambavyo askari angependa yaandikwe ya binti yake mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, ni vema pia kusema neno kwa wale ambao ni askari na ni wenye nyumba. Tangu Desemba 2007, Burundi ilipopeleka vikosi katika Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, askari wengi walitumikia huko kwa taabu, na baadhi hawakurudi. Wapo waliorudi na akiba, wakanunua kiwanja, wakajenga nyumba, wakaongeza vyumba uani vya kupangisha. Hiyo ni mali halali iliyopatikana kwa ujasiri, na hakuna anayestahili kuwaonea kijicho.

Mpangaji wa askari, hata hivyo, yuko katika hali ngumu. Akidai risiti, anaogopa. Akiambiwa kodi imepanda kuanzia wiki ijayo, anatikisa kichwa kukubali. Akitolewa mizigo yake nje, hathubutu kwenda kwa polisi, kwa sababu anadhani wote ni ndugu. Mwenye nyumba aliyevaa sare basi ana wajibu mkubwa kuliko raia. Awe wa kwanza kutoa karatasi, wa kwanza kuandika majina yote katika daftari, na wa mwisho kutumia cheo chake katika ugomvi wa kodi. Bunduki haikukabidhiwa kwake kwa ajili ya kukusanya kodi ya nyumba. Akiwa na dai la haki, mahakama iko wazi kwake kama ilivyo kwa kila raia, naye atashinda kwa hoja.

Wazazi nao hawawezi kukaa kando. Askari huhamishwa leo Bururi, kesho Cibitoke, na mara nyingi hukosa nafasi ya kumsindikiza mtoto. Hata hivyo barua moja, au simu moja, yaweza kumfikia rafiki wa kikosi aishiye mjini, amtembelee mwenye nyumba na kumwambia: kijana huyu ana watu. Maneno hayo mafupi humlinda kijana kuliko komeo. Watu wa kilima kimoja wanaoishi Bujumbura wangeweza kuwa na desturi ya kuorodhesha vijana wao kila mwaka wa masomo unapoanza: jina, chuo, mtaa, na mwenye nyumba. Wavuvi wa Gitaza huhesabiana alfajiri mitumbwi inaporudi kutoka ziwani. Vijana waliokwenda kusoma wanastahili kuhesabiwa vivyo hivyo.

Kijana naye ana deni lake. Asilete wageni wa kulala bila kumjulisha mwenye nyumba. Asiache kodi ilimbikizwe huku akinunua simu mpya. Achukue kadi yake ya chuo kila atokapo. Siku ya kwanza mtaani, kabla hajatandika godoro, aende pamoja na mwenye nyumba kwa nyumbakumi, ajitambulishe kwa jina lake, la baba yake na la kilima chake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni aliyeingia kwa dirisha.

Mila hii ya kupokea wageni ina kumbukumbu yake katika barabara ile ile itokayo Gitaza. Pale Mugere, kabla ya kuingia Bujumbura, liko jiwe kubwa linalokumbusha kwamba Livingstone na Stanley walifika hapo tarehe 25 Novemba 1871, wakalala siku mbili wakiwa wageni wa chifu Mukamba. Walikuwa watu wa nchi ya mbali, wenye lugha isiyojulikana. Lakini walikuwa na mwenyeji, na mwenyeji wao alikuwa na jina. Kila mtu wa pwani hiyo aliweza kujua wageni wale wamelala kwa nani.

Hilo ndilo linalotakiwa mjini leo. Chuo kikijua mwanafunzi wake amepanga wapi, mwenye nyumba akaandika kila jina, nyumbakumi akalipokea jina hilo bila kudai kitu, na polisi akauliza kabla ya kukamata, msako wa alfajiri utakuwa mfupi na wenye matunda. Adui wa amani hujificha mahali ambapo majina hayajulikani. Kila jina linaloandikwa kwa haki katika daftari humwondolea adui huyo pembe moja ya kujifichia. Basi mwenye nyumba na achukue kalamu sasa, kabla mlango haujagongwa.